Ramani Namba Kumi na Saba

Siafu elfu mbili waliingia kwenye sikio la Tusajigwe saa tatu asubuhi, wamejipanga mstari mmoja, na hakuna aliyemkanyaga mwenzake.

Hawakuwa siafu wa porini. Walikuwa siafu-tiba, mashine zilizotengenezwa hapa hapa Mbeya, kila moja ndogo kuliko chembe ya unga, yenye taya za kioo kigumu. Dakta Atuganile Mwasandube aliwaongoza kwa glavu za mbali. Akikunja kidole cha shahada, safu inapinda. Akifumba ngumi, jeshi zima linasimama likisubiri amri. Tusajigwe mwenyewe, dereva wa reli ya angani ya Uyole, alikuwa kwenye kiti cha upasuaji macho wazi, upande mmoja wa kichwa umetiwa ganzi, akimweleza muuguzi Sekela jinsi ya kupika kande bila kuziunguza.

"Usitikise kichwa, mama," Sekela akamwambia. "Unawatingisha wafanyakazi."

Kwenye ukuta wa chumba, sikio la kati la Tusajigwe lilionekana kubwa kama ukumbi wa harusi. Nyuma ya ngoma ya sikio kulikuwa na donge jeupe lililong'aa kama lulu. Madaktari wa zama hizo waliliita ngozi-mlamfupa, na jina hilo halikutia chumvi hata kidogo.

Ugonjwa wenyewe una hila. Huanza na mafua ya utotoni yasiyokwisha. Mrija unaopeleka hewa kutoka nyuma ya pua hadi sikio la kati huziba, hewa iliyomo ndani hunyonywa, na ngoma ya sikio huvutwa ndani mpaka ikafanya kifuko. Ngozi ya kifuko hicho hujichubua kila siku kama ngozi nyingine yoyote, ila magamba yake hayana pa kutokea. Yanarundikana tabaka juu ya tabaka, kama kitunguu. Yanalowa, vijidudu vinahamia, usaha unaanza kutoka wenye uvundo usiosahaulika, na mara nyingi maumivu hakuna. Wakati huo huo ukingo wa donge unamwaga kemikali zinazoamsha seli ambazo kila mwili unazo, zile zinazobomoa mfupa mkuukuu ili mpya ujengwe. Zikiamshwa namna hii zinabomoa tu. Zinaanza na fuawe, kifupa cha katikati, kisha kikuku, kisha nyundo, na hapo kusikia kunapotea. Zikiachwa zinasonga mbele, kwenye ukuta wa neva ya uso, kwenye mifereji ya mizani inayomfanya mtu asiyumbe, na mwisho kwenye paa jembamba linalotenga sikio na ubongo.

Siafu-tiba walisifiwa nchi nzima kwa jambo moja. Walikula donge lote, magamba na ngozi yake, wakasimama palepale mfupa unapoanza. Hawakuukwaruza. Walijuaje pa kusimama? Kila mgeni aliyekizuru Kituo cha Masikio cha Nyanda za Juu alijibiwa kwa majivuno: walifundishwa kwa ramani arobaini na moja, ramani za mifupa ya watu halisi ikiliwa mwezi hadi mwezi kwa miaka sita, tangu fuawe mpaka paa.

Wageni walitikisa vichwa kwa kustaajabu, wakaenda kunywa chai. Hakuna aliyeuliza mifupa hiyo ilikuwa ya akina nani, wala kwa nini waliokuwa wakiitazama ikiliwa hawakuizuia. Atuganile hakuwa na haja ya kuuliza. Ramani namba kumi na saba ilikuwa ya mdogo wake.

*

Gwakisa alikuwa na miaka saba sikio lake la kushoto lilipoanza kutoa usaha, na Atuganile alikuwa na kumi na mmoja. Walikuwa wakiishi Rungwe, mahali ambapo ukungu haukauki na mafua ya watoto hayana msimu. Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi gari la utafiti lilifika shuleni kwao, na ndani yake mlikuwa na kinusio, mashine yenye mdomo mrefu wa mpira iliyonusa sikio la mtoto na kutoa jibu kwa taa. Taa nyekundu, mtoto anapelekwa mjini kupasuliwa. Taa ya kijani, sikio ni kavu, tutaendelea kuangalia. Baada ya hapo mtoto aliingizwa kwenye pete ya mwanga-mfupa, akapigwa picha, akarudi darasani.

Jumapili jioni mama yao alichemsha maji, akatia chumvi, akayaacha yapoe.

"Atu, muoshe mwenzio sikio," alisema kila mara. "Hatuendi kwa daktari na uvundo. Watadhani kwetu hakuna maji?"

Atuganile alimlaza Gwakisa mapajani, akasokota pamba kwenye njiti ya kiberiti, akasafisha na kukausha mpaka pamba ikatoka nyeupe. Mwisho alipaka tone la marashi nyuma ya sikio. Hata nyumba za jirani zilifanya hivyo hivyo. Mama wa Rungwe angeona bora afe kuliko kumpeleka mtoto anayenuka mbele ya mtu mwenye koti jeupe. Kesho yake kinusio kilinusa chumvi na marashi, kikawasha kijani.

Iliwaka kijani mara ishirini na tatu. Mwezi wa ishirini na nne Gwakisa aliamka na homa, shingo imekaza, analia kwamba mwanga unamuumiza. Paa lilikuwa limetoboka, na jipu lilikuwa limeingia kwenye ubongo. Alifariki Alhamisi, saa sita mchana, hajatimiza miaka tisa.

Atuganile aliamini yeye ndiye aliyemuua. Aliamini aliacha maji ndani, kwamba Jumapili ile alikuwa na haraka ya kwenda kucheza rede na hakukausha vizuri. Hakumwambia mtu. Alilibeba jambo hilo shule ya msingi, sekondari na chuo kikuu, na ndilo lililomfanya awe daktari wa masikio badala ya kitu kingine chochote.

Kisha, akiwa na miaka thelathini na minane, mwaka aliofanywa mkuu wa upasuaji, alifunguliwa kumbukumbu za zamani za kituo. Alitafuta namba kumi na saba. Aliiona mifupa ya mdogo wake ikiyeyuka, picha ishirini na tatu, na pembeni mwa picha ya nne akakuta maandishi ya mkono wa Profesa Anyosisye Mwaijande, mbunifu wa siafu na mwanzilishi wa utafiti wote:

"Wazazi wa huku huwaosha watoto masikio kabla ya kuja. Wasikatazwe. Aliyeoshwa hubaki kwenye utafiti."

Aliyasoma mara nne. Picha ya nne! Fuawe ilikuwa imeshaliwa nusu, mtu mzima ameiona, amejua kwa nini kinusio hakikunusa kitu, na ameona ni bahati. Miaka ishirini na mitano Atuganile alikuwa akijihukumu kwa sababu ya maji ya chumvi. Siku hiyo aliacha kujihukumu, akamchukia mtu huyo kwa chuki safi ambayo hata yeye ilimshangaza. Hakupiga kelele wala hakwenda kwenye vyombo vya habari. Aliisubiri nafasi.

Nafasi ilichukua miaka sita kuja, na ilikuja kwa miguu yake.

*

"Dakta, leo tuna mgeni mzito," Sekela alisema akichungulia mlangoni. "Profesa Mwaijande mwenyewe. Amepanga foleni! Nimemwambia apite mbele, amenikatalia."

Mzee aliingia taratibu, mrefu bado ingawa ana miaka sabini na minane, suti yake ya kijivu imepigwa pasi. Alishikwa mkono na mwanamke mfupi aliyevaa kitenge na sweta, mdogo wake aitwaye Ikupa, mjane aliyeishi naye na kumtunza.

"Shikamoo, Profesa. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," Ikupa akajibu. "Ndaga kwa kutupokea. Kaka sikio hili la kulia halisikii vizuri, na linatoa majimaji. Ila leo nimemwosha, usiogope kumkaribia. Siwezi kumleta mtu kwa daktari ananuka."

Atuganile alimtazama mama yule. Kisha akamwambia akae.

Kinusio cha siku hizi kilikuwa kidogo kama kalamu. Kilimnusa Profesa, kikawasha kijani. Pete ya mwanga-mfupa ikamzunguka kichwa, na picha ikaja kwenye kioo cha daktari peke yake, kwa maana Kanuni ya Mwaijande ilisema hivyo: picha ya mfupa ni ya daktari, mgonjwa asionyeshwe akatiwa hofu bure. Donge lilikuwepo, jeupe, limejikunja juu ya fuawe. Bado dogo. Siafu wangelimaliza kwa dakika arobaini.

Kanuni hiyo hiyo ilikuwa na kifungu cha kwanza kilichoitwa Harufu Kwanza. Mpangaji, mashine iliyogawa nafasi za upasuaji, haikumpa nafasi mtu ambaye kinusio kilimwashia kijani. Daktari aliruhusiwa kuipinga kwa sahihi yake endapo picha imemtia wasiwasi. Aliruhusiwa tu, hakulazimishwa.

"Mashine inasemaje?" Profesa akauliza.

"Kijani, Profesa."

"Basi kavu." Alitabasamu kama mzazi anayesifiwa mtoto. "Kinusio hakijawahi kuniangusha."

"Dakta anaweza kukupitisha kwa sahihi," Sekela akadokeza. "Kwa heshima yako."

"Hapana, binti. Foleni hii niliipanga mwenyewe. Nikiiruka mimi, nani ataiheshimu?"

Atuganile alihisi kitu kitamu kikimpanda kifuani, na hakukikana. Alikunja mikono juu ya meza, akamtazama mzee usoni, akamwambia kwa sauti ya upole kabisa, "Tutaendelea kuangalia."

*

Alifurahi. Tusimpambe. Mwezi wa pili fuawe ilikuwa imebaki kipande, naye akaenda nyumbani akala chakula chote, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Mwezi wa tatu kikuku kilitoweka, Profesa akawa anageuza kichwa ili asikie kwa sikio la pili, na Atuganile kwa makusudi akawa anazungumza naye akiwa upande wa kulia.

"Samahani, umesema?"

"Nimesema tutaendelea kuangalia, Profesa."

Kila mwezi Ikupa alimleta. Kila mwezi sikio lilikuwa limeoshwa, linanukia marashi, na kinusio kikawasha kijani. Mwezi wa nne mzee aliingia akiyumba, amemshika mdogo wake kwa mikono miwili. Alipogeuka kukaa chumba kilimzunguka, akatapika kwenye kikapu. Mfereji wa mizani ulikuwa umetobolewa. Atuganile aliliona tundu lenyewe kwenye picha, jeusi, dogo kama nukta mwisho wa sentensi. Akampa dawa ya kizunguzungu.

Sekela hakuwa mjinga. Alifunga mlango wageni walipoondoka.

"Dakta, mimi picha sizioni, lakini mtu naona. Yule mzee anaharibika."

"Kinusio ni kijani."

"Kinusio kinanusa marashi ya yule mama! Hata mimi pua yangu inayasikia. Tumwambie asimwoshe, basi. Neno moja tu."

"Kanuni haisemi tumwambie."

Sekela alimtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka tisa. "Una nini na mzee wa watu?"

"Angalia kazi yako, Sekela."

Sekela akatoka bila kuaga. Atuganile alibaki na hasira ya kukatizwa. Alijiambia kwamba Gwakisa alikosa neno hilo hilo moja kwa miezi ishirini na mitatu, na huyu alikuwa na minne tu, atulie. Hesabu ilimridhisha. Alijua kabisa mwisho wake, alikuwa akiungoja: uso kwanza, kisha paa, kisha homa, kisha siku moja saa sita mchana apigiwe simu.

Mwezi wa tano hawakungoja siku yao. Walikuja Jumatano saa nne asubuhi, bila miadi. Upande wote wa kulia wa uso wa Profesa ulikuwa umeanguka. Jicho halifumbi, mdomo umeshuka, mate yanamchuruzika kwenye tai. Neva ya uso ilikuwa imefikiwa. Alijaribu kusalimu na maneno yakatoka yamevunjika.

Atuganile alikuwa ameuota uso ule mara nyingi. Sasa alipouona alijisikia vizuri, kwa muda wa pumzi tatu au nne hivi.

Ikupa alikuwa amebeba mfuko wa plastiki. Alimsogelea daktari mpaka karibu kabisa, akaufungua, na ndani mlikuwa na chupa ya maji ya chumvi, pamba, na njiti zilizokwisha kusokotwa.

"Nilikuwa namwosha hivi, mwanangu," alisema kwa sauti ya chini ili kaka yake asisikie. "Niambie nimekosea wapi. Mara ya mwisho nilikuwa na haraka, kulikuwa na msiba kwa jirani. Labda sikumkausha. Labda niliacha maji ndani. Ni maji, sivyo? Ni mimi?"

Atuganile aliziangalia njiti zile. Ilimjia wazi, bila kuitafuta, kwamba kwa miezi mitano alikuwa akimtazama mzee peke yake. Mama huyu alikuwa mbele yake wakati wote, na hakumhesabu, kama vile Profesa hakumhesabu mtoto wa miaka kumi na mmoja aliyekuwa akisokota pamba Rungwe.

"Sekela!" akaita. "Mwandae. Sasa hivi."

"Kinusio ni kijani," Sekela akajibu kutoka mlangoni, na hakuwa akitania.

"Naweka sahihi."

*

Donge lilikuwa limekua mara nne. Siafu waliingia kwa wingi kuliko kawaida, wakala tangu saa tano mpaka saa saba. Nyundo, fuawe na kikuku hazikuwepo tena; mahali pake palikuwa na usaha na magamba. Walisafisha kando ya neva ya uso, iliyolala wazi bila ukuta, imevimba. Walipofika juu wakasimama wenyewe, bila ngumi ya Atuganile.

Sauti ya mashine ikasema kwa utulivu wake wa siku zote: "Paa limebaki unene wa ganda la kitunguu. Njia hii inafahamika. Natumia ramani namba kumi na saba."

Kwenye ukuta, juu ya fuvu la mzee, ikawaka picha nyingine kwa mistari ya buluu, fuvu dogo la mtoto limepanuliwa, kushoto kwake kumegeuzwa kuwa kulia, lilingane. Siafu walipita wakifuata mistari ile, hatua moja moja, mahali ambapo paa la Gwakisa lilianza kuwa jembamba, mahali lilipotoboka. Kila palipomwangusha mtoto, walipakwepa. Atuganile alilia ndani ya barakoa, machozi ya hasira tupu. Hakutaka Gwakisa amwokoe mtu huyu. Hakuna aliyemuomba Gwakisa ruhusa alipokuwa hai, na sasa amekufa anatumwa tena. Hata hivyo, hakufumba ngumi kuwasimamisha.

Siafu walitoka saa saba na nusu. Paa lilikuwa zima.

Profesa alipelekwa wodini. Alasiri Atuganile alivuta kiti, akakaa upande wa sikio lake zima.

"Kusikia kwa upande huu kumekwisha," alimwambia. "Uso huenda ukarudi kidogo, huenda usirudi. Nililiona donge siku ya kwanza. Nilikuacha miezi mitano kwa makusudi."

Jicho lisilofumba lilimtazama. Hilo lingine likapepesa.

"Kwa nini?"

"Gwakisa Mwasandube, wa Rungwe. Mdogo wangu. Nilisoma ulichoandika pembeni mwa picha yake ya nne. Wasikatazwe."

Mzee alitafuta kichwani mwake. "Majina sikuyaweka," alisema mwishowe, kwa nusu ya mdomo. "Namba yake?"

"Kumi na saba."

"Ah." Na uso ule uliovunjika ukachangamka upande mmoja. "Kumi na saba. Ndiyo iliyokamilika kuliko zote, mpaka paa. Bila hiyo siafu wasingejua pa kusimama. Unajua wamepona wangapi? Laki tatu na zaidi."

Atuganile alishika ukingo wa kiti. Alikuwa amejiandaa kwa woga, kwa majuto, hata kwa matusi. Angeyapokea yote kwa furaha.

"Alikuwa na miaka minane," alisema.

"Najua umri. Umri niliuandika." Profesa alifuta mate kwa kona ya shuka, akamwangalia kwa namna ambayo, kwa mtu mwingine, ungeiita huruma. "Usijisumbue, daktari. Kinusio kilikuwa kijani, na sahihi ni hiari. Hukuvunja kanuni. Hata mbele ya bodi nitasema hivyo: hukuvunja kanuni yoyote."

Hapo ndipo Atuganile alipoogopa. Mtu ambaye yeye alimchukia kuliko wote duniani alikuwa amemsafisha, kwa maneno yale yale ambayo bila shaka alijisafishia mwenyewe miaka yote hii, na maneno yalimkaa sawasawa. Alisimama, akatoka.

Ikupa alikuwa kwenye benchi la korido, mfuko wake magotini. Alinyanyuka haraka.

"Yu hai, mama. Atapona, ila sikio halitasikia."

"Mungu mkubwa! Ndaga, mwanangu. Ndaga fijo." Alimshika mikono yote miwili, akaibusu. "Na maji? Ni yale maji?"

Kulikuwa na njia rahisi. Angesema ni uzee, ni bahati mbaya, na Profesa asingemsaliti kamwe, maana angekuwa anajisaliti mwenyewe. Atuganile alitoa mikono yake mikononi mwa Ikupa, kwa sababu hakuona haki ya kuendelea kushikwa.

"Si maji. Nisikilize vizuri, mama. Hukukosea kumwosha. Ulimwosha vizuri kuliko hata nesi. Ugonjwa ulikuwa ndani, maji hayafiki huko. Mimi niliuona siku ya kwanza mlipokuja. Ningeweza kumtibu siku ile ile akarudi nyumbani anasikia. Nilikataa. Nilijua unamwosha, na nilijua ukimwosha mashine haitanusa, nikakuacha uendelee. Kaka yako alimfanyia mdogo wangu hivyo hivyo zamani, akafa. Nilikuwa namlipa. Wewe hukuwemo kwenye deni hilo, na mimi nikakutumia."

Ikupa alimsikiliza mpaka mwisho. Midomo yake ilicheza bila sauti, kama anayejisomea jambo tena alielewe. Aliketi. Akausogeza mfuko pembeni. Mwanzoni Atuganile alidhani mama atalia, akataka kuinama amshike bega.

"Usiniguse," Ikupa akasema.

Sauti haikuwa ile ya ndaga. Alimtazama juu chini, viatu, koti, mikono, kisha uso, akauangalia uso kwa muda mrefu sana, na Atuganile alikitambua kilichokuwa kikikaa machoni mwa mama yule, kwa sababu alikuwa amekaa nacho miaka sita. Mbele yao mlango wa wodi ulifunguka na kufungwa. Sekela alipita na sinia la dawa, akawaona, akaendelea na safari yake.

Ikupa alichana kipande cha boksi la pamba lililokuwa kwenye mfuko wake, akaomba kalamu, na Atuganile akatoa yake mfukoni.

"Niandikie jina lako," alisema. "Lote. Na la baba yako, na kijiji mlichotoka. Sitaki kulisahau."

Atuganile alipiga goti sakafuni ili aandikie kwenye benchi, akaliandika kwa herufi kubwa, taratibu, lisomeke vizuri.